Miaka 13 ya Subversion: tuhamie Git vipi bila kupoteza kazi ya watu?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mmoja wa watunzaji watano wa programu huria ya kuendesha maktaba za shule. Kwa miaka 13 msimbo wetu umekuwa kwenye Subversion, mfumo wa kutunza msimbo na historia ya mabadiliko yake, kwenye seva iliyowekwa ofisini kwa mwenzetu mmoja hapa Morogoro. Vijana wanaotaka kuchangia wakisikia Subversion wanaondoka. Tumekubaliana kuhamia Git, mfumo mpya zaidi wa kazi hiyohiyo, isipokuwa mzee wetu aliyeanzisha mradi. Yeye anasema Subversion haijawahi kumpotezea hata mstari mmoja, na kwamba hana umri wa kujifunza upya. Baadhi yetu wanataka tuchukue toleo la sasa tu, tulipakie sehemu mpya, tuanze upya. Unatushauri nini, na tuanzie wapi?"

Marahaba. Msimamo wangu nauweka mbele ili usiutafute: hameni, chukueni historia yote, na kabla hamjagusa amri yoyote ya Git kaeni na huyo mzee mwandike majina ya watu. Ndiyo, mzee yuleyule anayepinga. Nitafika huko.

Mzee ana hoja, na ningependa mumpe haki yake. Waliopitia CVS, mfumo uliotangulia, wanaijua Subversion kama mkombozi. CVS ilitunza historia ya kila faili kivyake. Ukiingiza mabadiliko ya mafaili kumi, mawasiliano yakakatika likifika la sita, ghala la msimbo lilibaki nusu jipya nusu la zamani, na hakuna aliyejua mpaka programu ikatae kujengwa. Subversion, iliyotoa toleo la 1.0 mwaka 2004, ikaleta utaratibu wa mabadiliko kuingia yote kwa pamoja au kutoingia kabisa. Mtu aliyeishi na mifumo yote miwili anajua anachokisema. Wala kuhama si faradhi. Watu wa mfumo endeshi wa OpenBSD wako kwenye CVS mpaka leo, na kila baada ya miezi sita hivi wanatoa toleo jipya la mfumo wao. Watu wa hifadhidata ya SQLite walitoka CVS mwaka 2009 wakaenda Fossil, mfumo ambao mwanzilishi wa SQLite, D. Richard Hipp, aliutengeneza mwenyewe, na bado wako huko. Kwa hiyo msimpelekee mzee hoja kwamba dunia nzima inatumia Git.

Mpelekeeni hoja ya seva. Kwenye Subversion historia yote iko mahali pamoja, ofisini kwa huyo mwenzenu, na kompyuta zenu zina toleo la sasa tu. Diski ya seva ile ikifa usiku, na nakala ya akiba ikawa ya mwaka juzi, ndiyo basi tena. Hata diski ikiwa nzima, bila mtandao huwezi kuuliza nani aliandika mstari fulani, wala kuingiza kazi yako. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na ghala la Git kwenye kompyuta yake aliendelea kusoma historia, akafungua tawi (mkondo wa kazi wa pembeni), akaingiza kazi yake hapohapo, kisha akaisukuma kwenye seva mtandao uliporudi. Git humpa kila mtu nakala yenye historia nzima tangu siku ya kwanza, na hiyo ndiyo sababu ya msingi ya kuhama. Vijana wanaowakimbia ni sababu ya pili, nayo ni ya kweli: mradi usiopata mikono mipya unazeeka na wenyewe.

Nitoe tahadhari hapa, maana watu wakisikia kwamba kila nakala ina kila kitu huacha kutunza akiba. Machi 2013 KDE, mradi wa programu huria za kompyuta za mezani, ulikaribia kupoteza takriban maghala 1,500 ya Git. Seva zao za nakala zilikuwa zimepangwa kuiga chochote kinachotokea kwenye seva kuu. Mfumo wa mafaili wa seva kuu ulipoharibika, zikaiga na uharibifu. Waliokolewa na seva moja tu ambayo uharibifu ulikuwa haujaifikia. Wekeni nakala moja ambayo haiigi nyingine, hata kama ni kwenye diski ya nje kabatini.

Sasa hili la kuanza upya. Najua linakotoka: ni kazi ya dakika kumi, na kuna mfano mkubwa wa kulitetea. Aprili 2005, Linus Torvalds alipoanza kutumia Git kwa ajili ya kiini cha Linux, hakuchukua historia ya nyuma. Ghala lile linaanzia toleo la 2.6.12-rc2, na kwenye ujumbe wa komiti (rekodi ya mabadiliko yaliyoingizwa) ya kwanza alieleza kwamba historia yote ipo, ila ikiingizwa ingefika kama GB 3.2 na kuyafanya magumu yale majuma ya mwanzo ya Git. Lakini tazama hali aliyokuwa nayo. BitKeeper, mfumo waliokuwa wakiutumia, ulikuwa umeondolewa kwao ghafla baada ya mgogoro wa leseni, na Git yenyewe alikuwa anaiandika siku zilezile. Historia ya zamani ilikuja kuwekwa baadaye kwenye ghala la pembeni, na anayetaka kuziona zote mbili kama kitu kimoja analazimika kuziunganisha mwenyewe kwenye kompyuta yake. Nyinyi hamna dharura hiyo. Mna mradi mdogo, seva inayofanya kazi, na muda.

Tuseme kwenye programu yenu kuna mstari unaosema kwamba kitabu kikikaa zaidi ya siku 14 mwanafunzi anaandikiwa faini, isipokuwa mwezi wa 6 na wa 12. Kijana mpya anauona, anashangaa, anataka kuufuta. Anaendesha `git blame`, amri inayoonyesha kila mstari uliingia na komiti ipi, kwenye faili lile, anapata komiti, anasoma ujumbe: shule za bweni hufunga miezi hiyo na vitabu hubaki mabwenini. Anaacha mstari ulivyo. Mkianza upya, `git blame` itamwambia kwamba mistari yote iliandikwa siku moja na mtu mmoja, yaani aliyepakia. Ataufuta. Na Januari mtapigiwa simu na walimu.

Kuna pia suala la haki miliki ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Kwenye mradi huria usio na makubaliano mengine, kila mchangiaji anabaki na haki ya alichokiandika. Jean-Baptiste Kempf wa VLC, programu ya kuchezesha video, alipotaka kuhamisha injini ya programu ile kutoka leseni ya GPL kwenda LGPL, iliyo legevu zaidi, ilimbidi awatafute walioandika, mmoja baada ya mwingine, awaombe ridhaa. Aliwezaje kujua ni kina nani? Kwa historia ya msimbo. Siku mtakapotaka kubadilisha leseni, au shirika la wafadhili litakapouliza nani mwenye mali hii, jibu litakuwa ndani ya zile komiti mnazofikiria kuziacha.

Basi tufike kwenye majina, na hapa naomba unisome taratibu.

Kila komiti ya Git inatambulishwa kwa heshi, mfuatano wa tarakimu na herufi 40 unaokokotolewa kutokana na kilichomo: hali ya mafaili, jina na barua pepe ya mwandishi, tarehe, ujumbe, na heshi ya komiti iliyotangulia. Hilo la mwisho ndilo linalofunga mnyororo. Ukibadilisha herufi moja ya jina kwenye komiti ya tatu, heshi yake inabadilika, na ya nne inabadilika kwa sababu inaitaja ya tatu, na hivyo hivyo mpaka ya leo. Kabla hamjalifungua ghala jipya kwa watu, mnaweza kurekebisha chochote mara mia. Mkishalifungua na watu wakachukua nakala, marekebisho yoyote ya historia yanaligeuza kuwa ghala jingine, na kila mwenye nakala anakwama. Siku ya kufungua ndiyo siku ya kufunga.

Subversion humtambua mtu kwa jina la kuingilia tu: `juma`, `kb2`, `admin`. Git inataka jina kamili na barua pepe. Lazima mtu aandike faili la kutafsiri, mstari mmoja kwa kila jina, upande wa kushoto la zamani, kulia jipya:

`kb2 = Jina Kamili <anwani ya barua pepe>`

Orodha ya upande wa kushoto mtaipata kwa kuendesha `svn log -q` na kuchambua majina yasijirudie. Upande wa kulia hakuna amri inayoujua. Anaujua mzee. Yeye ndiye anayekumbuka kwamba `kb2` alikuwa mwanafunzi wa mazoezi wa mwaka wa pili wa mradi, kwamba `library` ilikuwa akaunti ya watu watatu, na kwamba `asha` na `asha_m` ni mtu mmoja aliyebadilisha kompyuta. Mpeni kazi hiyo rasmi. Mwambieni kwamba bila yeye kazi ya watu itapotea majina, kwa sababu ndivyo ilivyo. Nimeona wazee wa miradi wakibadilika pale wanapoona kwamba kuhama hakuji kuzika walichojenga.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Miaka ya nyuma nilihamisha ghala la kikundi kimoja ambacho sitakitaja, na nilikuwa na haraka. Mmoja wa waandishi wake alikuwa ameshafariki. Marehemu alizoea kufanya kazi moja kwa moja kwenye seva, kwa hiyo Subversion ilimrekodi kama `root`. Kwenye faili la majina nikaandika kwamba `root` ni Msimamizi wa Seva, nikaendelea. Wiki tatu baada ya kufungua, mdogo wake, ambaye naye ni mwanaprogramu, aliingia kutafuta jina la kaka yake. Kazi ya miaka ilikuwa pale, jina hakulikuta. Aliniandikia kwa adabu akiuliza kama ametafuta vibaya. Tuliweka faili la `.mailmap`, ambalo huifanya Git ionyeshe jina sahihi wakati wa kusoma historia, na hilo lilisaidia. Lakini ndani ya komiti zenyewe bado imeandikwa Msimamizi wa Seva, na itabaki hivyo.

Kwa hiyo kila jina mlifuatilie: la akaunti ya pamoja, la `root`, na lile Subversion inaloliandika `(no author)` pale komiti ilipoingia bila mtu kujitambulisha. Walio hai waulizeni ni anwani gani wanataka ibaki hadharani, maana historia ya Git husomwa na yeyote. Kisha someni ujumbe wa komiti wenyewe. Subversion ina nafasi ya mtu mmoja tu, aliyeingiza, hivyo kiraka, yaani faili la marekebisho, kilicholetwa na mtu wa nje kiliingia kwa jina la mtunzaji, na ujumbe ukasema "kiraka cha fulani, ahsante". Git inatenganisha aliyeandika na aliyeingiza. Wakati wa kuhamisha mnaweza kumrudishia yule fulani kazi yake, na ningewaomba mfanye hivyo hata ikiwachukua jioni mbili zaidi.

Kuhusu zana sitasema mengi. Kama ghala lenu limefuata mpangilio wa kawaida wa folda za `trunk` (kazi kuu), `branches` (matawi) na `tags` (lebo za matoleo), `git svn clone` pamoja na `--stdlayout` na `--authors-file` itatosha, na ina tabia moja nzuri: ikikutana na jina lisilo kwenye faili la majina, inasimama na kukuambia. Kama mpangilio ulibadilika njiani, tumieni svn-all-fast-export, ile iliyozaliwa kwa ajili ya KDE. Humo mnaandika wenyewe kanuni za njia ipi ya zamani iwe tawi lipi jipya. Reposurgeon ya Eric Raymond ni ya upasuaji mkubwa. Ndiyo iliyotumika Januari 2020 kuhamisha GCC, kikusanyaji cha msimbo cha mradi wa GNU, ghala kubwa kiasi kwamba njiani Raymond aliiandika upya zana nzima kutoka Python kwenda Go ili iweze kumaliza kazi. Yoyote mtakayochagua, msiielekeze kwenye seva ya ofisini kupitia mtandao. Chukueni `svnadmin dump` (nakala kamili ya ghala), muipakie kwenye kompyuta moja yenye nguvu, mfanyie kazi hapohapo. Mtarudia mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Kurudia ndiyo kazi yenyewe. Watu wa hifadhidata ya PostgreSQL walipotoka CVS kwenda Git Septemba 2010, walitanguliza majaribio na kulinganisha matokeo na ghala la zamani kabla ya kubadili. Fanyeni vivyo hivyo. Chukueni kila toleo mlilowahi kulitoa. Upande mmoja litoeni kwenye Subversion kwa `svn export`, upande wa pili litoeni kwenye Git kwa lebo yake, kisha linganisheni folda hizo mbili kwa `diff -r`. Mara ya kwanza mtashtuka kuona tofauti mamia. Nyingi zitakuwa za alama kama `$Id$`, ambazo Subversion huzijaza namba na tarehe inapotoa faili. Ongezeni `--ignore-keywords` zitanyamaza. Zitabaki folda tupu, kwa kuwa Git haitunzi folda isiyo na faili ndani. Zinazobaki baada ya hapo ndizo za kuangaliwa moja moja, na mara nyingi chanzo ni lebo. Lebo ya Subversion ni nakala ya folda tu, hakuna kinachomzuia mtu kuingiza marekebisho juu yake. Inawezekana kabisa kwamba mtu alitoa toleo la 2.1, akaona kosa, akalirekebisha ndani ya `tags/2.1` bila kugusa `trunk`. Hapo lazima muamue 2.1 ya kweli ni ipi, na mzee atawakumbusha ni ipi iliyopelekwa mashuleni. Fahamuni pia kwamba `git svn` huleta lebo za zamani kama matawi. Kuzigeuza kuwa lebo halisi ni kazi yenu.

Wakati huohuo tafuteni mafaili mazito. Kwenye Subversion mtu akiingiza faili la MB 200 kimakosa na kulifuta kesho yake, wengine hawalioni tena. Kwenye Git linabaki ndani ya historia, na kila anayechukua nakala analipakua, kwa bando lake mwenyewe. GitHub, tovuti ya kuwekea maghala ya Git, hukataa kabisa faili linalozidi MB 100. Liondoeni sasa kwa `git filter-repo`, wakati mnyororo bado uko mikononi mwenu.

Namba za revisheni, ambazo Subversion hutoa kwa mfuatano kwa kila mabadiliko, zina maumivu yake. Kwa miaka 13 mmeandika "inarekebisha kosa la r2317" kwenye ujumbe, kwenye orodha ya hitilafu, labda hata kwenye maelezo ndani ya msimbo. Git haina r2317. Miradi mikubwa ilikataa kuzipoteza. LLVM, mradi wa zana za kujengea vikusanyaji, walipohama Oktoba 2019 waliacha mstari wa `llvm-svn:` wenye namba ya zamani chini ya kila ujumbe. FreeBSD, waliohamisha msimbo wa mfumo endeshi wao Desemba 2020, waliweka namba hizo kwenye `git notes`, karatasi za pembeni ambazo hazigusi heshi. Kwenu napendelea njia ya LLVM, kwa kuwa mstari ulio ndani ya ujumbe unafika na kila nakala bila mtu kuuomba. `git svn` huweka mstari wa namna hiyo yenyewe, `git-svn-id`. Mrefu na haupendezi macho, lakini mnaweza kuufupisha ubaki namba tu. Msiufute.

Mtaulizana pia kama Git ndiyo chaguo sahihi au kuna mengine. Watu wa kihariri cha Emacs waliondoka CVS kwenda Bazaar, mfumo mwingine wa aina hii, mwisho wa 2009, kwa sababu Bazaar ulikuwa mradi wa GNU kama wao. Kasi ya Bazaar ikapungua, na Novemba 2014 wakahamia Git. Python walipima Bazaar, Git na Mercurial kwa maandishi, kila mfumo ukielezwa namna unavyofanya kazi zilezile za kila siku. Mwaka 2009 wakachagua Mercurial, wakaanza kuutumia 2011, na Februari 2017 wakahamia Git huko GitHub. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliolelewa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, nao ulikuwa kwenye tovuti ya Launchpad kwa Bazaar kabla ya kuhamia Git. Ninachokisoma humo ni kwamba nyumba ya watu wengi hupata mafundi wengi. Kwenu Git inatosha, msipoteze mwezi kulijadili.

La tovuti gani ya kuwekea ghala lina uzito kidogo zaidi. Google Code ilifungwa, Gitorious ikafungwa mwaka 2015, na Bitbucket mwaka 2020 waliondoa maghala yote ya Mercurial. Wekeni popote mnapopenda, GitHub, GitLab au Codeberg, ila anwani mnayoitangaza mashuleni iwe ya tovuti yenu wenyewe, ili mkihama tena mbadilishe kiunganishi kimoja. Na orodha ya hitilafu msiiguse mwaka huu. Python walihamisha msimbo 2017, orodha ya hitilafu ikafuata 2022. Mtu anayejifunza namna mpya ya kuingiza kazi hapaswi siku hiyohiyo kutafuta hitilafu zake zimekwenda wapi.

Siku yenyewe, mkishafanya mazoezi ya kutosha, itakuwa fupi. Ichagueni isiwe karibu na kufungua shule. Wiki mbili kabla, waombeni wote waingize kazi walizonazo mkononi, kwa sababu mabadiliko yaliyokaa kwenye kompyuta ya mtu bila kuingizwa ndiyo yanayosahaulika. Asubuhi wekeni kwenye seva ya Subversion skripti ya `pre-commit` inayokataa kila kitu na kumjibu mtu kwa maneno anayoyaelewa: "Ghala hili sasa ni la kusoma tu. Kazi inaendelea kwenye Git. Maelekezo yako kwenye tovuti ya mradi." Bila maneno hayo mtu ataona kosa la kompyuta na kudhani seva imeharibika. Endesheni uhamishaji wa mwisho kwa skripti ileile ya mazoezi, bila kuongeza chochote mlichokibuni asubuhi hiyo. Linganisheni matoleo, soma majina kwa `git shortlog -sne` ukiwa na mzee pembeni, kisha fungueni. Seva ya zamani iacheni ikisomeka kwa miaka kadhaa. Haina gharama kubwa na siku moja mtaihitaji.

Kwa wachangiaji wenye intaneti ya kupimwa, andaeni `git bundle`. Ghala zima linakuwa faili moja, linaingia kwenye flashi, linasafirishwa na basi mpaka Mbeya, na mtu analichukua nakala kana kwamba ni seva. Baada ya hapo anapakua mabadiliko mapya tu, ambayo ni machache. Kwenye mafunzo msianze na matawi na michoro ya mishale. Waonyesheni kazi ya asubuhi moja: kuchukua mapya, kubadilisha faili, kuingiza, kusukuma. Waliozoea Subversion hujikwaa mahali pamoja hasa: `svn commit` ilipeleka kazi kwenye seva moja kwa moja, `git commit` haipeleki popote. Mtu ataingiza kazi wiki nzima, afunge kompyuta, aamini imefika. Mmoja wenu apangiwe miezi miwili ya mwanzo kuwapigia simu ambao hawajasukuma kitu.

Na mzee, je, akishikilia kwamba hajifunzi amri mpya? Msimlazimishe. Kiini cha Linux, ambako Git ilizaliwa, mpaka leo kinapokea viraka kwa barua pepe. Mzee aandike marekebisho yake, mmoja wenu amwekee `git format-patch` kwenye skripti yenye jina analolitaka, atume kwa barua pepe kama anavyotuma barua nyingine. Wewe utakipokea kiraka kwa `git am`. Sehemu ya aliyeingiza patakuwa na jina lako, na sehemu ya aliyeandika patakuwa na lake.